Kisigino cha Verna

Alhamisi, 15 Februari

Mhariri wa gazeti letu la Alhamisi ameniandikia. Kuanzia mwezi huu ataniruhusu barua moja tu kwa mwezi, "ili kuwapa nafasi wasomaji wengine." Wasomaji wengine gani? Yule anayeandika kila wiki kuhusu paka wake? Miaka kumi na tisa nimeujaza ukurasa wa nne bure. Nimewatetea wenye ng'ombe, nimepigana na halmashauri juu ya chumvi wanayomwaga barabarani, nimewaeleza watu historia ya vyama vya mafundi tangu zama za watengeneza saa. Shukrani yangu ni kuwekewa mgawo, kama sukari wakati wa vita. Basi hasira zitakazobaki zitakuja humu. Nimenunua daftari la kurasa mia mbili. Nikijizuia, litafika Aprili.

Mjukuu wa mtu fulani akilikuta siku moja, ajue: Odette Lacasse, mwenye gereji pekee hapa Cutler, Vermont. Miaka hamsini na minne. Mume sina, kaka ninaye.

Kaka ni Rosaire. Leo amemaliza kutoboa miti yake ya sukari, ile ambayo utomvu wake huchemshwa ukawa shira, matundu mia sita, na kuunga mipira yote ya kupitishia utomvu hadi kibandani. Sasa anangoja usiku ugande na mchana uyeyuke, maana bila hivyo utomvu haushuki hata tone. Ameniomba nimwandikie humu kila siku kama umeshuka au la. Yeye huandika ukutani kwa penseli, halafu kila msimu ukiisha anapaka ukuta rangi.

Ijumaa, 16 Februari

Baridi kavu. Breki za basi la shule. Utomvu: hakuna.

Jumanne, 20 Februari

Joto la ajabu, theluji imegeuka uji. Utomvu: umeshuka, wa kwanza mwaka huu. Rosaire amepiga simu mara nne kunijulisha jambo lile lile.

Saa saba mchana simu ya tano, nikaipokea kwa ukali, kumbe ni Verna Stoddard. "Shoga, gari limezima kilima cha Haskell. Limezima tu, kama mtu aliyesinzia kanisani."

Verna ni tarishi wetu. Miaka ishirini na mitatu anapeleka barua kwa gari lake mwenyewe, maili sitini na nane kila siku, masanduku mia tatu themanini na sita. Nilimkuta ameketi pale pale anapoketi siku zote, kiti cha kulia, upande wa masanduku ya barua, ingawa usukani wa magari ya hapa uko kushoto, mguu wa kushoto umevuka hadi kwenye pedali na mkono wa kushoto uko kwenye usukani. Matarishi wote wa vijijini huendesha hivyo, isipokuwa wenye bahati ya kupata gari la usukani wa kulia. Nikalivuta gari hadi gereji. Barua za masanduku mia moja na hamsini zililala bila kufika, na Verna aliziangalia kama mama aliyesahau watoto sokoni.

Jumatano, 21 Februari

Limewaka kwa ufunguo wa kwanza. Nimeliendesha maili ishirini, kilima cha Haskell mara mbili, halikukohoa. Nimepima msukumo wa petroli, uko chini kidogo. Nimebadilisha pampu. Nimemwambia Verna limepona, kwa sauti ya mtu asiyekosea. Utomvu: umeshuka hadi saa tisa.

Jumamosi, 24 Februari

Kumeganda tena. Gari la Verna linaenda vizuri. Utomvu: hakuna. Rosaire anaitazama miti kana kwamba imemtukana.

Jumanne, 27 Februari

Limezima tena. Mara hii karibu na daraja la kiwanda cha mbao, masanduku mia mbili na kumi yamebaki.

Verna aliingia ofisini mwangu, akavua kofia, akaketi juu ya tairi. Verna haketi. Miaka yote niliyomfahamu sijawahi kumwona ameketi nje ya gari lile.

"Pampu yako ni nzuri sana," akasema. "Imenifikisha mbali kidogo kuliko mara ya kwanza."

"Usinidhihaki, Verna."

"Sikudhihaki. Nalia kwa ndani. Mkataba wangu wa njia unaisha tarehe thelathini na moja Machi. Leo ni mara ya pili kushindwa kumaliza. Ikifika ya tatu kabla ya tarehe hiyo, hawauhuishi. Watautangaza upya, ateuliwe mwingine."

"Chukua gari jingine."

"Lipi? Nitajie gari moja hapa Cutler lenye kiti kimoja kirefu mbele, bila ule mzigo wa katikati. La kwako lina gia sakafuni. La Rosaire lina gia sakafuni. Nipitishe wapi mguu huu, Odette, dirishani?"

Nikachukua ufunguo wake, nikaenda kufungua boneti.

Utomvu: umeshuka sana.

Jumatano, 28 Februari

Nimelichomeka kwenye mashine ya kupimia. Kompyuta ya gari imetoa makosa manane kwa mpigo: sensa ya joto, sensa ya hewa, sensa ya kanyagio, zote mbovu siku moja, saa moja, dakika moja. Huo ni uongo. Sensa nane hazifi pamoja kama abiria wa meli. Nimesafisha waya zote za kurudisha umeme kwenye bodi. Nimefuta makosa. Nimeliendesha maili thelathini. Halikukohoa.

Nikafanya jambo nililoapa kutolifanya. Nimempigia simu Dwight Ouellette, mpimaji wa umeme kwenye duka la magari la mjini. Ni mtu wa hapa hapa Cutler, jirani wa Verna, lakini miaka kumi sasa amevaa shati lao lenye jina kifuani.

"Huenda ni kompyuta yenyewe," akasema. "Lilete tuone. Kama ndiyo, mpya huchukua wiki tano kufika."

Wiki tano! Leo ni Februari 28. Hata mtoto anajua kuhesabu.

Alhamisi, 1 Machi

Nimeandika barua ya mwezi. Kurasa tatu. Nimeanza na watengeneza saa, nikapitia mafundi bunduki waliofungiwa ndani ya ngome za wafalme wasije wakafundisha wengine, nikaishia kwenye kisanduku cha kompyuta kilichofungwa kwa kufuli lisiloonekana, ambacho mnunuzi hana ruhusa ya kukigusa ingawa amekilipia. Mtu akinunua nyumba hapewi vyumba vyote isipokuwa kimoja. Sikumtaja Dwight kwa jina. Nimeandika tu "fundi mmoja mwenye masharubu mekundu, mtumwa mwaminifu wa kisanduku," na Cutler ina mtu mmoja tu mwenye masharubu mekundu.

Nimempa Verna mkononi aipeleke. Hakuifungua, bila shaka, lakini aliipima uzito kiganjani. "Nani anauawa humu?"

"Mfumo."

"Aa. Bahasha nzito hivi, nilidhani ni mtu."

Ijumaa, 2 Machi

Baridi. Gari linaenda. Utomvu: hakuna.

Jumanne, 6 Machi

Mkutano wa mji, ule wa kila mwaka ambao wakazi wote hupiga kura. Bado baridi, jua la kudanganya. Ukumbi umejaa, viti vya chuma, harufu ya soksi zilizolowa. Tumebishana saa moja na nusu juu ya greda jipya la barabara. Nilipewa dakika mbili, nikatumia saba, mwenyekiti akagonga meza, nikamgongea yangu. Greda limepita kwa tofauti ya kura kumi na moja. Nililipinga, kisha nikalipigia kura, kwa sababu aliyesimama kulipinga baada yangu alikuwa mjinga kiasi kwamba sikutaka kuhesabiwa naye.

Chakula cha mchana, kwenye foleni ya maharage, nikajikuta nyuma ya Dwight. Barua yangu ilikuwa bado haijachapishwa. Hajui, nikajiambia, na nikafurahi kidogo. Si jambo la kujivunia.

"Odette," akasema bila kugeuka, "gari la Verna linazima siku gani?"

"Siku yoyote linapotaka."

"Gari halina kutaka. Linazima siku gani?"

"Wewe huna kompyuta ya kumuuzia mtu?"

"Leo niko likizo. Nipitishie kijiko." Akachota maharage, akaongeza kipande cha pai ya tufaha juu ya sahani hiyo hiyo, kama mtu asiye na mama. "Hakuna kitu kinachoharibika siku yoyote. Kila ugonjwa una siku zake. Uliandika mahali popote?"

Nikamwambia mimi huandika kila kitu. Akasema, "Ndiyo, tunajua," na watu watatu kwenye foleni wakacheka ndani ya sahani zao.

Jumatano, 7 Machi

Nimelisoma daftari hili tangu mwanzo. Theluji nzito inaanguka, hakuna mteja, kwa hiyo nilikuwa na nafasi ya kuona aibu vizuri.

Tarehe 20: limezima. Utomvu umeshuka. Tarehe 27: limezima. Utomvu umeshuka sana. Siku nyingine zote, ukiacha tarehe 21: linaenda, utomvu hakuna. Jibu limo humu, kwa mwandiko wangu, wiki mbili, na mimi nazungumzia watengeneza saa.

Nimempigia Rosaire. "Kaka, gari la Verna linaugua siku zile zile miti yako inapopona."

"Basi tulitoboe," akasema.

Kwa hiyo ni maji. Kunapoganda theluji ni unga mkavu. Kunapoyeyuka inakuwa maji, na chumvi ya halmashauri ndani yake. Lakini maji yanaingia wapi? Na kwa nini siku ya tarehe 21, iliyokuwa ya joto, nililiendesha mimi mwenyewe maili ishirini bila shida? Hapo ndipo kichwa kinaponigoma.

Alhamisi, 8 Machi

Theluji inchi ishirini. Barua imetoka. Watu wanne wamepiga simu kunipongeza. Nimezipokea pongezi kwa raha ndogo kuliko kawaida. Utomvu: hakuna.

Jumamosi, 10 Machi

Leo nitaandika mpaka mkono uchoke.

Asubuhi mvua nyepesi juu ya theluji, matone yanadondoka kila paa. Utomvu ulikuwa unashuka kabla ya saa tatu. Nikamwambia Verna: leo naenda nawe.

"Kanuni haziruhusu abiria."

"Mimi si abiria. Mimi ni kipuri."

Akaniweka kiti cha nyuma, kati ya makasha ya barua, mita yangu ya umeme mapajani na kifurushi cha vifaranga hai vilivyotumwa kwa posta kikilia ubavuni mwangu. Nikatazama. Kila mara nilipolijaribu gari hili niliketi kushoto, nyuma ya usukani, kama linavyotakiwa kuendeshwa. Hilo ndilo lililokuwa kosa langu lote. Gari hili halijaendeshwa kama linavyotakiwa kwa miaka kumi na minne, tangu Verna alinunue.

Kila penye kifurushi Verna anashuka, anapiga hatua kumi kwenye uji wa theluji hadi barazani, anarudi, anaingia kwa kulia na buti zote mbili zinatiririka. Mguu wa kushoto unavuka kwenda kwenye pedali. Na wa kulia? Mtu aliyenyoosha mguu mmoja hivyo lazima ajikaze kwa mwingine. Nikainama kati ya viti. Kisigino cha buti lake la kulia kilikuwa kimekita kwenye ubao wa plastiki ulio pembeni, chini ya dashibodi, na ubao ule ulikuwa na tundu la ukubwa wa kikombe. Umetobolewa na kisigino hicho hicho, siku sita kwa wiki.

"Verna, hapa unapokanyaga pana nini?"

"Pana mahali pangu pa kukanyaga."

"Hapo ndipo ilipo kompyuta ya gari."

Akanitazama kwenye kioo. "Kwa nini waliiweka kwenye mahali pangu pa kukanyaga?"

Sikupata muda wa kumjibu. Sanduku la mia moja tisini na nne, mbele ya shamba la akina Tuttle, injini ikazima. Vifaranga tu. Verna alishika usukani kwa mkono wake mmoja. Hii ingekuwa mara ya tatu.

Nikatoka, nikapiga magoti kwenye tope, kichwa ndani, miguu nje. Kapeti upande ule lilikuwa limeshiba maji kama sifongo. Umeme unaoingia kwenye kompyuta: volti kumi na mbili, mzuri. Waya wa kurudisha: mzuri. Basi nikapima ule umeme mdogo ambao kompyuta yenyewe huzigawia sensa, volti tano, hazipaswi kuyumba. Zilikuwa mbili. Nikachomoa sensa moja, mbili zikabaki. Nikachomoa ya pili, ya tatu, zote ninazozifikia. Mbili zile zile. Hakuna sensa iliyokuwa ikiunyonya. Kompyuta yenyewe ndiyo mgonjwa, na zile sensa nane zilikuwa zinasingiziwa.

Nikaufungua ubao, nikakivuta kisanduku. Kutu ya kijani, kama shaba ya kengele ya zamani. Kikamwaga maji ya kujaza kijiko.

"Una kitu kikavu?"

Verna akavua skafu yake, nikafuta plagi zote, pini moja moja. Nikafungua kifuniko, nikakipuliza kwa ile feni ya joto ya miguuni kwa dakika ishirini, Verna akikishika kama mkate kwenye tanuri. Kisha ilibidi kifungwe na kitu kisilowe tena. Alikuwa na gazeti moja la Alhamisi la ziada. Nikachana ukurasa wa kwanza.

"Huo una habari za greda, watu wanausubiri," akasema. "Chukua wa nne."

Kwa hiyo kisanduku kikafungwa ndani ya barua yangu, kurasa zangu tatu zilizokuwa safu mbili za gazeti, na nikakishikilia hewani juu ya kiti, waya zikining'inia, kwa masanduku mia moja tisini na mawili yaliyobaki. Injini ilitetemeka njia nzima lakini haikuzima. Vifaranga vikafika. Barua ya mwisho iliingia sandukuni saa kumi na moja na dakika tano, na kwenye uwanja wa gereji yangu gari likafa, likafa kweli, halikuwaka tena.

"Imehesabika," akasema Verna. "Nimemaliza njia. Haijafika tatu."

Kisha akaegemea gari akacheka mpaka akashika ubavu, nami nikacheka, mikono miwili mibichi na wino wa hoja zangu umenichora viganjani.

Jumatatu, 12 Machi

Verna anatumia gari la Rosaire. Anaendesha kushoto, anasimama, anatambaa hadi kulia, anatia barua, anatambaa kurudi. Mara mia tatu themanini na sita. Leo amemaliza saa moja jioni na nyonga haimruhusu kusimama. "Siku tatu naweza," amesema. "Wiki, siwezi."

Nimepiga simu yadi kumi na saba za magari mabovu.

Jumatano, 14 Machi

Nimekipata kisanduku! Gari la aina ile ile, limegongwa nyuma, kompyuta yenye namba ile ile hadi tarakimu ya mwisho. Inakuja kesho. Naimba, na mbwa ametoka nje.

Alhamisi, 15 Machi

Kimefika. Nimekifunga. Injini imewaka, sekunde mbili, imezima. Taa ya kufuli inapepesa kwenye dashibodi. Kisanduku hakiutambui ufunguo wa Verna. Kinadhani sisi ni wezi.

Nilikuwa na barua nzima ya kuandika juu ya jambo hili. Nikakumbuka kwamba nimeshaiandika, na imeshachapishwa, na yule anayejua kulifungua kufuli ndiye niliyemtukana humo. Verna alikuja saa moja na nusu jioni, akachechemea hadi kwenye tairi, akaketi. Mara ya pili ndani ya mwezi.

Ijumaa, 16 Machi

Nimeenda kwa miguu hadi nyumbani kwa Dwight. Ni mbali kuliko nilivyokumbuka. Alikuwa anaondoa theluji kwa koleo kwenye njia ya gari lake.

"Uliniita mtumwa," akasema.

"Nilikuita mtumwa mwaminifu."

"Hilo la mwaminifu mhariri alilikata."

Sikulijua hilo. Nimesimama pale nikiwa na ghadhabu mbili, moja dhidi ya mhariri na moja dhidi yangu mwenyewe, na ya kwanza ilikuwa rahisi zaidi, lakini nikaimeza. Nikasema: "Nilikosea. Swali lako la foleni ya maharage ndilo lililonipa jibu. Sasa nimekwama, na Verna anaumia."

Akachoma koleo kwenye theluji. "Unadhani sijui kwamba anaumia? Jana alinipandishia kifurushi ngazi sita kwa mguu mmoja. Nilimwambia akiache chini. Akaniambia niangalie mambo yangu." Akafuta masharubu. "Jumapili. Nina kompyuta yangu mwenyewe, si ya duka. Niliinunua ili nitengeneze magari ya watu bila kuwangojesha wiki tano. Ungeuliza, ningekuambia."

"Kwa nini hukuniambia kwenye simu?"

"Ulikata."

Nilikata, kweli.

Jumapili, 18 Machi

Kumeganda. Utomvu: hakuna.

Dwight alikuja saa nne, Verna akiwepo na donati zake. Akachomeka, akaandika namba ya gari kwenye kisanduku, dakika sita. Kisha akanipa ufunguo. "Sasa washa swichi, usipige injini. Ngoja taa ya kufuli izime yenyewe. Dakika kumi. Zima. Rudia. Mara tatu."

"Halafu?"

"Halafu basi. Kinakuwa kimeukubali ufunguo."

"Hakuna mashine ya siri?"

"Siri ni kukaa kimya nusu saa," akasema. "Ndiyo maana nilijua hutaigundua mwenyewe."

Verna akacheka hadi sukari ya donati ikamtoka puani. Tukaketi watatu kwenye kile kiti kirefu, Verna kulia, Dwight kushoto, mimi katikati kama mtoto, tukiitazama taa nyekundu. Dakika kumi za kwanza sikusema neno, nikahisi damu masikioni. Za pili Dwight akaniambia yeye hukata barua zangu na kuzibandika ukutani pale kazini. Ile ya plau la theluji, ile ya daraja. "Hii ya mwisho pia nimeibandika," akasema. "Vijana wamechora masharubu yangu pembeni mwake na kuyatia pembe."

"Nitaandika nyingine."

"Mwezi ujao tu," akasema Verna. "Ana mgawo."

Dakika kumi za tatu nikamsikiliza akieleza kwa nini kufuli lile liliwekwa: magari yalikuwa yanaibwa mno, na baada ya hapo yakapungua. Nina majibu matatu ya hoja hiyo na yote ni mazuri. Nimeyaweka akiba. Taa ikazima. Injini ikawaka, sekunde mbili, tatu, kumi, na ikabaki.

Kisanduku sijakirudisha palipokuwa. Nimekifunga juu, nyuma ya kidroo cha dashibodi, na kukivika mpira usiopitisha maji. Na pale chini nimechomelea bamba la chuma lenye ukingo, kiasi cha kisigino kimoja. Dwight ndiye aliyepima buti la Verna kwa rula, akiwa amepiga magoti, na Verna akamwambia miaka arobaini hakuna mwanamume aliyepiga magoti mbele yake, na huyu amekuja na rula.

Alhamisi, 22 Machi

Baridi. Gari linaenda. Hiyo si hoja. Lilikuwa linaenda siku za baridi zote.

Jumamosi, 24 Machi

Baridi. Rosaire ananung'unika juu ya miti, mimi nanung'unika juu ya gari, tunangojea kitu kimoja. Sijawahi kuelewana naye hivi tangu utotoni.

Jumanne, 27 Machi

Baridi kidogo. Matone machache saa nane, hayafiki kibandani. Gari linaenda. Siku nne zimebaki.

Alhamisi, 29 Machi

Kumefunguka. Mvua tangu asubuhi, upepo wa kusini, mito inanguruma chini ya barafu, barabara ya kwa Tuttle imekuwa tope hadi kwenye ekseli. Utomvu: mapipa yamefurika. Moshi mweupe wa kibanda cha Rosaire unaonekana toka hapa.

Verna alipita saa tatu kuchukua bahasha zangu. Nilifungua injini ya lori la maziwa nikasahau nilichokuwa nakitafuta. Saa saba simu ikalia, nikaipokea kabla haijalia mara ya pili. Rosaire. Shira ya leo ni ya rangi ya kahawia nzuri, nije nionje. Nilimwambia maneno ambayo hata daftari hili halitayapata.

Saa nane kasorobo, simu. Dwight. "Amefika?"

"Bado."

"Sawa." Hakukata. Nami sikukata. Tulikaa hivyo dakika nzima, watu wawili wenye kazi, tukisikilizana tukipumua.

Saa tisa kasoro dakika ishirini honi ikapigwa toka kona ya kanisa hadi hapa bila kuachiwa. Gari limejaa tope hadi kwenye paa. Verna akateremsha dirisha la kulia. "Mia tatu themanini na sita," akasema. "Na mguu wangu wa kulia sasa una nyumba yake ya chuma. Ingia, twende kwa Rosaire tukanywe shira yake kabla haijamharibu akili."

Jumamosi, 31 Machi

Mkataba umehuishwa. Miaka minne.

Alhamisi, 12 Aprili

Jana jioni vyura wadogo wameanza kuimba kwenye bwawa, na utomvu umeanza kunuka machipukizi. Msimu umekwisha. Rosaire ameng'oa bomba la mwisho na amepaka ukuta rangi. Takwimu zote za mwaka huu ziko humu, kwa hiyo atalazimika kuja kuniomba.

Nikiwa nje nikisukuma tairi, gari la Verna likasimama kwenye sanduku langu. Mkono ukatoka dirishani na gazeti. Hakuondoka.

"Nimesoma ukurasa wa nne," akasema. "Kabla hujaniuliza, ndiyo, ni gazeti langu, nililinunua."

Barua yenyewe ni hii, nainakili: *Mwezi uliopita nilimwandika fundi mmoja wa Cutler mwenye masharubu mekundu. Kila nilichosema juu ya visanduku ni kweli. Kila nilichosema juu yake ni uongo. Odette Lacasse.*

Verna akakita kisigino kwenye bamba lake, mguu wa kushoto ukavuka kwenda kwenye pedali, lakini akanitazama kwanza, kwa makini, kama mtu anayetafuta homa usoni mwa mwenzake.

"Mistari mitatu, Odette?" akasema. "Unaumwa?"